Nilimjibu Mdogo Wangu "Bima Tayari" Wakati Sijainunua

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kutafuta maneno ya kujitetea, maana nimeshajitetea mwaka mzima moyoni na sijapata nafuu yoyote. Si shirika la ndege, si watu wa bima, si utelezi wa mvua. Ni mimi na mdomo wangu na ujuaji wangu!

Jina langu naomba libaki kwangu. Nina miaka arobaini na moja, ni Mmeru wa Akheri, nakaa Lemara na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni stoo. Kuna kampuni moja ya utalii hapa mjini Arusha, mimi ndiye natunza mahema, magodoro, mifuko ya kulalia na majiko ya gesi. Gari likienda porini napanga vitu, likirudi nahesabu, nafua, naanika. Sijawahi kumpeleka mgeni popote. Hata ndege sijapanda.

Lakini kwa sababu navaa fulana yenye jina la kampuni, pale nyumbani kila jambo la pasipoti na safari linaletwa kwangu. "Muulizeni huyo, yuko kwenye utalii." Na mimi, badala ya kusema sijui, nilikuwa najibu! Nilipenda kuulizwa. Nilipenda wajomba wanyamaze wanisikilize.

Kwa mama tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike. Nitamwita Neema, siyo jina lake. Baba alifariki Neema akiwa darasa la tano, na tangu hapo mimi ndiye nilikuwa nampeleka shule, nasaini ripoti zake, nawafukuza vijana getini. Sasa hivi yuko Kanada, anahudumia wazee. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, anaweza kukaa barabarani wiki mbili bila kurudi.

Neema alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipofika miezi mitano akanipigia, analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Kaka, safari hii nataka mama awepo. Nisaidie mama aje. Siwezi tena peke yangu."

Nikamwambia, "Hilo niachie mimi."

Mama yetu ana miaka sitini na saba. Ni mjane, ni mzee wa kanisa pale usharikani, ana ng'ombe wawili, migomba, na kahawa kidogo. Alikuwa hajawahi kufika hata Dar es Salaam. Viza ilipotoka nilimpelekea pasipoti mwenyewe Akheri. Akaifungua, akaiangalia ile karatasi iliyobandikwa ndani, akaniuliza kama ni kweli haitabanduka. Halafu akaenda chumbani akakaa muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Neema alituma fedha ya tiketi na ya bima ya safari kwa pamoja. Akanisisitiza: "Kaka, bima nunua siku hiyohiyo unayokata tiketi. Hiyohiyo!"

Nikaenda mjini kwenye ofisi ya tiketi. Dada aliyenihudumia alikuwa mpole, mwenye subira, na leo nikimkumbuka natamani ardhi inimeze. Akanikatia tiketi ya bei nafuu, ile ambayo ukishalipa hairudishwi. Akaniuliza, "Na bima tuiweke?"

"Hiyo baadaye, tukikaribia safari."

"Kwa nini baadaye, kaka?"

"Mama anaondoka baada ya wiki saba," nikamwambia. "Nikinunua leo, itakuwa inamlinda akikata majani ya ng'ombe Akheri? Bima ni ya safari."

Akatabasamu. "Bei ni ileile ukinunua leo au wiki ya mwisho, maana inahesabiwa kwa siku atakazokaa huko. Ila hii ina kipengele cha kushindwa kusafiri. Mama akiugua kabla ya kuondoka, shirika la ndege halikurudishii kitu, bima ndiyo inarudisha. Na kipengele hicho kinaanza kufanya kazi siku unayolipa. Ukingoja wiki sita, wiki sita zote hizo tiketi iko wazi."

Unajua nilimjibu nini?

"Dada, mimi niko kwenye utalii."

Jamani! Kuna watu nyuma yangu kwenye foleni walisikia! Yule dada akanipa karatasi zangu, akasema karibu tena.

Nikueleze kichwani mwangu kulikuwa na nini. Niliwahi kumwona mgeni mmoja mzee, ameshushwa mlimani kwa helikopta akiwa hoi, na wenzangu wakasema yote hiyo imelipwa na bima yake. Basi kwangu bima ikawa ni helikopta. Ni kitu cha mtu aliyekwisha kufika safarini akazidiwa. Kwamba safari inaweza kufa kabla haijaanza, na bima ikawa na la kusema, hilo sikuwahi kulifikiria. Tena nilikuwa na hofu moja ya kijinga: nikinunua mapema halafu safari ikavunjika, si nitakuwa nimetupa fedha ya Neema bure? Yaani niliogopa jambo lilelile ambalo bima ipo kwa ajili yake!

Jioni ile Neema akapiga. Nikamtumia picha ya tiketi, akashangilia. Kisha akauliza, "Na bima?"

Nikasema, "Tayari."

Sijui kwa nini. Hapana, najua. Nilijua nikimwambia bado, atabishana na mimi, na mimi sikutaka kubishana na mtoto niliyemsainia ripoti za shule. Nikajiambia nitainunua wiki ya mwisho, itakuwa kweli, nani atajua?

Aliniuliza mara ya pili, baada ya wiki moja hivi. "Kaka, nitumie picha ya ile karatasi ya bima niiweke na nyingine." Nikamwambia iko kwenye droo ofisini. Mara ya tatu nikamwambia mtandao unasumbua. Fedha ya bima ilikuwepo kwenye simu yangu muda wote huo, sikuigusa. Ingenichukua nusu saa tu ya mapumziko ya mchana.

Mama naye alikuwa kwenye maandalizi yake. Alinunua sweta mbili za mitumba na soksi nzito. Alimenya ndizi, akazikausha, akazisaga unga, kwa sababu mtu akijifungua lazima anywe mtori, ile supu ya ndizi, na yeye hakuamini kwamba Kanada kuna ndizi za maana. Kila Jumapili baada ya ibada kina mama wenzake walikuwa wanamzunguka kumuuliza zimebaki siku ngapi. Alikuwa anazijua.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane alipoanguka.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, masika yamekolea. Alikuwa anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kwenye ile njia ya udongo nyuma ya nyumba, mguu ukateleza. Jirani yake ndiye aliyemsikia akiita, akanipigia. Nilimkuta amekaa kwenye tope, ameshika goti kwa mikono miwili, halii, anatetemeka tu. Tulimpeleka hospitali ya misheni. Mifupa miwili ya mguu, chini ya goti, yote imevunjika.

Daktari akasema atafanyiwa upasuaji kesho yake, awekewe vyuma. Nikamuuliza habari ya safari. Akaniangalia kama mtu asiyenielewa.

"Ndege? Mama huyu hata kwenda chooni atasaidiwa. Kwa miezi mitatu msahau safari."

Nilimpigia Neema nikiwa nje kwenye benchi. Alilia kwanza kwa ajili ya mama. Alimlilia mama sana. Halafu akatulia, akavuta pumzi, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Basi Mungu ni mwema, Kaka. Afadhali tulikata bima. Chukua karatasi za daktari uwapelekee, watarudisha ya tiketi. Mama akipata nafuu tunamkatia nyingine, hata kama mtoto atakuwa na miezi mitatu au minne, sawa tu. Bora aje."

Pale! Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Sawa, nitashughulikia."

Alhamisi asubuhi, mama akiwa chumba cha upasuaji, mimi nilikuwa mjini kwenye ofisi ya bima! Nilimwacha mke wangu hospitali, nikasema naenda kutafuta dawa. Nikakutana na mama mmoja wa makamo, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nataka bima ya safari lakini nina ombi dogo. Aiandike tarehe ya nyuma. Mwezi mmoja tu.

Akavua miwani. "Mwanangu, msafiri amepatwa na nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, siyo kwa ubaya.

"Pole sana. Lakini bima inashika kwa jambo ambalo bado halijatokea. Likishatokea, mimi sina cha kukuuzia. Na hiyo tarehe ya nyuma, unataka nifungwe?"

Nikaanza kufoka. Nikasema ninyi ni wezi, mnakula fedha za wanyonge, mtu akiumia mnajificha kwenye maandishi. Nilisema mengi. Watu wakageuka. Yeye aliniacha nikamaliza, akavaa miwani yake, akaita mteja mwingine. Na nilipotoka pale mlangoni, hasira yote ile ilikosa mtu wa kumshukia, ikanirudia mwenyewe.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapo ningeweza kuacha na sikuacha.

Ijumaa nikaenda ofisi nyingine. Hapo sikusimulia kitu. Nikaulizwa kama msafiri ni mzima, kama ana ugonjwa wowote au anasubiri matibabu yoyote. Nikasema ni mzima kabisa, anapanda na kushuka mlima! Nikalipa. Wakanipa karatasi, ina muhuri, ina tarehe ya Ijumaa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: mama aseme alianguka Jumamosi, na mimi nikaongee na mtu wa kumbukumbu pale hospitali aninyooshee tarehe.

Jumamosi saa za kutazama wagonjwa nikaenda. Mama alikuwa macho, mguu umeinuliwa juu ya mto. Nikamwamkia, nikamuuliza maumivu, kisha nikavuta kiti nikamweleza kwa sauti ya chini. Sikumwambia yote. Nikasema kuna tatizo dogo la karatasi, hivyo mtu yeyote akimuuliza, aseme alianguka leo.

Mama akaniuliza:

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi, mama."

"Jumatano nilikuwa wapi?"

"Mama, ni tofauti ya siku tatu tu."

"Nakuuliza. Jumatano aliyeteleza pale chini ya migomba ni nani? Na huyu aliyepasuliwa juzi, aliyewekewa vyuma, ni nani?"

Nikauangalia mguu wake juu ya mto.

"Na daktari?" akauliza.

"Nitaongea nao. Ni watu, mama, wanaelewa."

Hapo akageuza uso akaniangalia vizuri. Mama yangu si mtu wa kelele. Alisema taratibu, kwa Kimeru, na nitaliandika neno lake kwa Kiswahili kama nilivyolisikia: "Nilianguka kwenye tope mbele ya jirani na sikuona aibu. Usinitie aibu kitandani."

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe simu. Mpigie mdogo wako."

Nikamwambia Neema yuko kazini. Akasema mpigie. Nikasema nitampigia jioni. Akasema mpigie sasa, nikiwa nasikia.

Nikapiga. Neema akapokea haraka, anafikiri mama amezidiwa. Mama akaichukua simu, akasema, "Mimi niko salama, mwanangu. Kaka yako ana neno la kukwambia," akanirudishia.

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba sikununua. Kwamba nilisema tayari na haikuwa tayari. Nikamwambia na habari ya Ijumaa, maana mama alikuwa ananitazama mdomoni.

Neema hakupiga kelele. Ningefurahi kama angenitukana!

"Nilikuuliza mara tatu, Kaka," akasema.

"Najua."

"Mara tatu. Ungesema bado, ningenunua mwenyewe kwa simu yangu. Dakika kumi."

"Najua, Neema."

Nilisikia anavyohema, ule uhemaji mzito wa mjamzito. Kisha akasema, "Naomba unipe mama."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kwa mdomo wake. Naomba unipe mama.

Tiketi ikapotea yote. Ile bima ya Ijumaa sikuthubutu kuipeleka popote, niliichana. Neema hakuwa na akiba nyingine, ilikuwa imebaki ya kukaa likizo ya uzazi, na huko usipokuwa kazini kodi ya nyumba inakusubiri vilevile.

Alijifungua mapema kwa upasuaji. Mume wake alikuwa barabarani, mbali, theluji imefunga njia. Jirani yake mmoja, mama wa Kifilipino ambaye walikuwa wanasalimiana tu kwenye ngazi, ndiye aliyempeleka hospitali na kumshika mkono. Siku ya nne alirudishwa nyumbani akiwa peke yake na mtoto na mshono tumboni. Haya yote sikuambiwa mimi. Niliyapata kwa binamu yetu. Hata jina la mtoto, mimi mjomba wake, nililijua kwa binamu!

Siku moja nilifika Akheri nikamkuta mama amekaa kwenye kochi, magongo yake pembeni, simu ameisimamisha kwenye kopo la sukari. Alikuwa anampigia Neema kwa video. Anamwelekeza namna ya kupika mtori. "Punguza moto. Sasa ponda. Ponda vizuri, usiniachie mabonge." Neema alikuwa anapika kwa mkono mmoja, mtoto kamweka begani, nyuso zote mbili zimechoka. Nilisimama mlangoni. Mama akaniona. Hakunifukuza, ila aliigeuza simu kidogo, upande wa ukuta, nisionekane.

Nimejaribu. Nilimwandikia Neema ujumbe mrefu nikamwambia ninadunduliza, nitamkatia mama tiketi mpya kwa jasho langu. Alinijibu baada ya siku mbili, mstari mmoja: "Asante, ya mama nitaikata mwenyewe." Nimeusoma huo mstari mpaka nimechoka. Hakuna tusi ndani yake.

Sasa mama anatembea kwa fimbo moja. Daktari amesema anaweza kupanda ndege. Neema ameanza upya kudunduliza, na safari hii mtu anayemsaidia makaratasi hapa ni mke wangu. Juzi mke wangu alirudi kutoka mjini na bahasha, akaiweka kabatini kwenye nguo zake. Sikuuliza. Siulizwi na siulizi. Kwenye vikao vya ukoo wajomba wakianza habari za safari, nainuka naenda kuangalia ng'ombe.

Ndugu yangu unayesoma hapa, unayempeleka mzazi kwa mtoto wake ughaibuni, au mgonjwa India, au unaenda mwenyewe: bima ya safari inunue siku unayolipa tiketi. Usiseme mpaka tukaribie. Mtu anaugua akiwa nyumbani, anaanguka shambani, anafiwa, na safari bado iko kwenye kalenda. Uliza kama hiyo unayouziwa inalipa ukishindwa kuondoka, maana si zote zina kipengele hicho. Uliza hata kama unaona aibu, na uwajibu kweli wanapokuuliza hali ya msafiri.

Na kama umemdanganya mtu kwamba umeshanunua na hujanunua, usitafute tarehe ya nyuma. Weka hii simu chini, au itumie hiyohiyo, mpigie, mwambie bado. Atakukasirikia. Muache akukasirikie! Mimi nilikuwa na wiki nne nzima za kusema neno hilo moja, nikaona aibu. Aibu ile ingeisha jioni ileile.